Miale Isiyobisha Hodi

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na huikumbuka kwa aibu kwanza, kisha kwa furaha. Nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa kwa nyanya yangu karibu na Nyaramba, na kichwa kimejaa fizikia. Shuleni kwetu tulikuwa wasichana tisa tu tuliosoma somo hilo. Mwenyekiti wa bodi, mkulima wa majani chai mwenye sauti nzito, alikuwa ametangaza kwamba fizikia inawapotezea wasichana wakati. Jumatatu ilikuwa siku ya wazazi, nasi tungeonyesha tulichojifunza. Tukishindwa, sote tisa tungehamishiwa darasa la upishi. Sina ugomvi na upishi, wewe mwenyewe unausifu ugali wangu. Lakini kupika nilikwisha kufundishwa nyumbani.

Wenzangu walinichagua mimi. Nilitaka kuwaonyesha wazazi miale ya anga za mbali, yaani vipunje vidogo mno vinavyotoka nje kabisa ya jua na sayari zake, vikija kwa kasi ya ajabu. Kitabu kilisema uchukue chupa pana ya kioo, utie ndani kitambaa kilicholowa spiriti, uiweke juu ya bamba jeusi la chuma lililopozwa sana, nawe utaona nyuzi nyeupe za ukungu kila kipunje kinapopita. Spiriti ilitoka maabara. Baridi nilimwomba daktari wa ng'ombe, aliyekuja asubuhi hiyo kumpandisha ng'ombe wetu kwa sindano. Mbegu za fahali huzitunza katika mtungi wa naitrojeni iliyopozwa ikawa maji, baridi kuliko barafu yoyote. Akanimiminia kwenye thamosi, akanionya nisiiguse wala nisikaze mfuniko.

Basi nikakosea. Nikajiambia, neno ni miale, na miale nani asiyeijua? Hutafutwa juani. Nikabeba vyombo vyangu hadi katikati ya ua, saa sita, jua la utosi, nikaviweka peupe ili miale iingie vizuri. Nikakodoa macho hadi yakatoa machozi. Sikuona kitu. Nusu ya naitrojeni ikaisha ikifuka, nami nikaketi chini nikalia.

Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jikoni. Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake.

"Hao wageni wako wanatoka wapi?" akauliza.

"Mbali, magokoro. Huko nje ya jua."

"Wanaweza kupita mabati?"

"Hata mwamba wanapita."

"Sasa mgeni anayepita ukuta, unamfungulia mlango wa nini?"

Akaweka kisu chini. "Umesahau ile insha yako?"

Hapa lazima nikueleze. Kwa Kigusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Nikiwa darasa la nne niliandika kwenye insha ya Kiswahili, "Jana baba yangu alijifungua mtoto." Mwalimu, mtu wa kutoka mbali, alicheka hadi akashika meza, nami nikarudi nyumbani nikilia kama siku hiyo ya chupa.

"Mwalimu alisikia jina akadhani amemjua mwenye jina," magokoro akasema. "Leo wewe umefanya kama yeye. Umesikia miale, ukakimbilia jua. Uliza kwanza kitu kinafanya nini. Haya, beba takataka zako uingie ndani!"

Tulihakikisha moto umezimika, maana spiriti si mchezo. Jikoni mwetu mlikuwa na giza la masizi hata mchana. Nikapoza bamba, nikamulika tochi ubavuni mwa chupa, tukangoja. Uzi mweupe ukakatiza, ukafifia. Kisha mwingine, mwembamba, ulionyooka kabisa. Magokoro akanishika mkono. "Huyo hakubisha hodi," akanong'ona.

Jumatatu ikafika, nami na naitrojeni yangu iliyobaki. Mwenyekiti akasimama uwanjani akaita, "Msichana, leta hiyo kitu hapa nje watu waone!"

Nikamjibu, "Mzee, hawa wageni hawahitaji kufunguliwa mlango. Karibu ndani."

Madirisha ya maabara tulikuwa tumeyaziba kwa magunia. Mwenyekiti, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akanusa spiriti. "Hapa kuna chang'aa?" Watu wakaangua kicheko. Kisha akainama kwenye chupa. Ukapita uzi. Ukapita mwingine.

"Hiyo ni nini imepita?"

"Ni mtoto wa mgeni, mzee. Mgeni mwenyewe aligongana na hewa huko juu. Huyu aliyezaliwa amepita mabati, na wenzake wanapita mkononi mwako sasa hivi."

Akauondoa mkono upesi. "Na jua haiwezi kufukuza hawa?"

"Linafukuza wengi. Jua hupuliza upepo wa vipunje vyake, nao umetuzunguka kama ua wa boma. Kuna vyombo viwili vya anga vimerushwa kwenda huko nje. Siku vikivuka ua huo, vitakuta wageni wengi zaidi."

Alitoka nje, akatazama mabati, akatazama mkono wake. "Hawa wasichana waachwe wasome hiyo fizikia," akasema. Mwanangu, kelele tulizopiga sisi tisa zilisikika hadi barabarani!

Miaka mingi baadaye, nimekwisha kuwa mwalimu, nilikuwa katika soko la Ogembo nikichagua ndizi, redio ya dukani ikatangaza kwamba chombo cha kwanza kati ya vile viwili kimevuka mpaka wa upepo wa jua. Vipunje vya jua vilikuwa vimepungua ghafla, na miale ya mbali imeongezeka. Nikapiga kigelegele papo hapo.

"Mwalimu, kwani kuna harusi?" mwenye ndizi akauliza.

"Imeshinda harusi, mama! Tumetoka nje ya ua!"

Cha pili nacho kilivuka miaka kadhaa baadaye, nikapiga kingine.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Jina si mwenye jina. Ukiambiwa kitu ni kigumu, au si cha wasichana, au ni cha watu wa mbali, usikimbilie neno. Uliza kinafanya nini, kisha ukakitazame mwenyewe. Wala usimdharau asiyesoma, maana kilichonifungua macho ni swali la mmenya ndizi. Mungu akujalie kuyaona yapitayo bila kubisha hodi, akuvushe kila ua uliowekewa, na siku utakapokosea, asikunyime magokoro wa kukuuliza.