Almasi themanini, bei ya mbegu zangu

Leo saa nne asubuhi nimepoteza shilingi 1,200 za mbegu za maharagwe kwa mchezo wa simu wa BURE.

Shamba jipya mle mchezoni ni almasi 100, ndizo pesa za humo. Lakini wanauza 80 kwa 400, hakuna kipimo kingine.

Nikanunua mara mbili, nikapata shamba. Zikabaki 60.

Ati zisikae bure, nikaongeza 80 nipate ng'ombe wa 120. Sasa zimebaki 20, na hazinunui kitu.

Mama Ciku, mteja wangu wa mahindi, nilipomsimulia akacheka: "Si wewe hukataa kunipimia nusu gorogoro?"

Ni kweli hukataa; gorogoro, ule mkebe wa kupimia, huuza mzima tu.

Mvua imeanza na shamba la kweli liko tupu.

Mliowahi kudai pesa zenu kwa wenye mchezo, nijibuni kabla ya saa kumi na moja, duka la mbegu linapofungwa: pesa hurudishwa, ndiyo au hapana?