Chumba cha Mifereji

Mama mkwe wangu hakuficha: kuwasomesha wajukuu zake nyumbani aliona ni upuuzi. Mume wangu naye alishaniambia wazi kwamba mamake akikataa, mabinti zetu wawili watarudi shule muhula ujao. Ndiyo maana asubuhi ile, tulipotoka nyumbani Bawshar, huku Oman, kwenda kuitazama ngome kongwe ya ufukweni, nilimkalisha kiti cha mbele cha gari. Nilitaka aione kazi yangu. Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima na, nisiseme uongo, nilijiona mwalimu hasa.

Juu ya mnara mambo yalikwenda vizuri. Bahari ilionekana yote, watoto wakachora, mimi nikamwaga maelezo. Kisha tukaingia chumba kidogo chenye sakafu ya mifereji myembamba, yote ikiteremkia kwenye shimo moja.

"Hapa askari walikuwa wakioga," nikasema bila wasiwasi. "Maji yanapita humu."

Wanangu wakaandika. Mama mkwe akacheka mpaka akajishika ukuta.

"Kuoga! Mwanangu, humu zinawekwa tende. Magunia yanapangwa mpaka juu, ya chini yanaminywa, asali ya tende inachuruzika hadi mtungini. Kwa wakwe zangu kulikuwa na chumba kama hiki. Miye nlipokuja toka Unguja, bibi harusi, Kiarabu sikijui, wakanipa kazi ya kukinga asali. Siku ya kwanza nkalia. Siku ya pili nkaramba."

Uso ulinichoma kwa aibu. Nikajua nimejiharibia mwenyewe. Lakini watoto walishamzunguka: mtungi mkubwa kiasi gani? Nani alikufunza? Ulionekana ukiramba? Akavua viatu, akakaa sakafuni, akawaonyesha kwa kidole asali ilivyokuwa ikipita. Miaka kumi na miwili ya kuishi naye, sikuwa nimepata kumsikia akisimulia ujana wake. Nikakaa nami, nikasikiliza, na nilifurahi kweli.

Tulirudi naye akiwa kiti cha mbele tena. Binti yangu mkubwa alikuwa akiyafuta kwa raba yale ya askari kuoga daftarini mwake. Sikuweza kuvumilia, nikamwuliza mama mkwe atamwambia nini mwanawe.

"Ntamwambia mwalimu wao hajui kitu," akasema. Kisha akageuka nyuma kuwatazama wajukuu zake. "Na kwamba kiti hiki nnakitaka kila safari."