Jicho Lisilo na Kope

"Wewe utaniona. Mimi je, nitakuonaje?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa nje barazani, mbele ya kamera, mimi nikiwa sebuleni mbele ya laptop, mlango ukiwa wazi kati yetu. Nilimwomba asogee kulia kidogo, maana kichwa chake kilikuwa kimekatwa na ukingo wa picha.

Ilikuwa Kishanda, wilayani Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambacho babu alikilima na ambamo amezikwa. Kamera hazikuwa wazo langu. Alizinunua baba mdogo, anayeishi Miembeni, mjini Bukoba, baada ya mikungu ya ndizi kukatwa na watu wasiojulikana, na baada ya bibi kuteleza nyuma ya jiko asubuhi ya mvua na kulala pale chini mpaka jirani alipopita. Tangu siku hiyo baba mdogo alikuwa na neno moja: mama ahamie mjini. Bibi naye alikuwa na lake: haondoki. Kamera zilikuwa mapatano yao. Bibi angebaki kwake, mradi tuwe tunamwona.

Kazi ya kuzifunga nilipewa mimi kwa sababu nilisoma chuo kikuu. Nilisomea maendeleo ya jamii, lakini katika ukoo wetu aliyesoma amesoma vyote: atengeneze redio, aeleze majibu ya hospitali, ajue bei ya kahawa itapanda lini. Nilipanda juu ya kiti nikiwa na bisibisi mkononi, kiti kikayumba, na bibi akashika miguu yangu.

"Huko chuo hawakuwafundisha kupanda viti?"

"Walitufundisha kuuliza kwa nini tunapanda, bibi."

"Ndiyo maana unatetemeka."

Kamera moja niliielekeza kwenye migomba, nyingine nikaifunga chini ya paa la baraza. Kisha nikaingia ndani nikapambana na laptop. Programu ilikataa nenosiri, ikakubali, ikadai nianze upya. Kifaa cha intaneti cha kuwekea laini nilikihamisha kutoka mezani hadi kabatini hadi dirishani, mahali pekee ambapo mtandao wa Kishanda hupenda kutembelea. Picha ilipotokea ilikuwa imepinduka, bibi yangu akining'inia kutoka mbinguni kama popo. Nilichoka hata kucheka.

"Hili jicho halina kope," alisema alipoitazama kamera kwa karibu. "Litalala lini?"

"Halilali."

"Maskini."

Baadaye, nikiwa bado nahangaika na picha, alisema kutoka nje, "Mjukuu wangu, linanikonyeza." Nilimjibu bila kuinua uso kwamba ni taa tu, inatafuta mtandao.

Nilirudi Kashai, huko huko Bukoba mjini, kwenye chumba changu cha kupanga, ambamo nilikuwa nikiandika ripoti za watu wengine kwa mikataba mifupi. Laptop ile ile ya kazi ndiyo ikawa dirisha la Kishanda. Ilikuwa imetegeshwa ilie kila kitu kinapotikisika, na katika kibanja kila kitu hutikisika. Upepo ukipita, inalia. Nafungua: jani la mgomba. Kuku akipita, inalia. Baba mdogo alitaka mgomba ulio mbele ya kamera ukatwe. Bibi akasema mgomba ulikuwapo kabla ya kamera, basi kamera ndiyo ikatwe. Nilizima kengele nikawa nafungua mwenyewe kila nilipopata nafasi, asubuhi na alasiri. Wakati mwingine nilijiuliza tunamlinda bibi na nani. Mwizi wa ndizi hatukumwona hata siku moja. Tulichokuwa tukikichunguza kwa kweli ni kama mwanamke mzee anastahili kuendelea kukaa nyumbani kwake.

Nilianza kuona jambo. Nikifungua, baraza huwa tupu. Baada ya muda mfupi bibi hutokea kutoka kwenye migomba, akifuta mikono kwenye kanga. Huketi kwenye kigoda akiwa ameielekea kamera. Kisha huinuka, huingia ndani, hurudi na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari. Hukifunua na kukiweka juu ya kigoda cha pili, kisicho na mtu. Halafu hukaa. Hachambui maharage, hasuki ukili. Midomo yake huchezacheza, lakini sauti haikunifikia. Mtandao wa kule ulitosha picha tu, tena ya kukatikakatika. Nilimtazama mpaka nikakumbuka kazi, nikafunga. Nikifungua tena alasiri, baraza tupu, kisha yeye huyo, na kikapu.

Nilifundishwa kutoamini sadfa. Lakini sikuwa na maelezo mengine, na yale yaliyokuwapo sikutaka kuyafikiria.

Jumapili moja baada ya misa, baba mdogo alipita chumbani kwangu. Simu yake ilimsumbua macho, hivyo ripoti za bibi alikuwa akizipata kwangu, na siku hiyo alitaka kumwona mwenyewe. Aliketi kitandani, kwa kuwa kiti pekee kilikuwa cha laptop. Nikafungua. Bibi akaja, akaketi, akaleta kahawa, akaanza kusema. Baba mdogo alitazama hadi chai niliyompa ikapoa.

"Anaongea na nani?"

"Labda anasali."

"Macho wazi? Na hiyo kahawa ni ya nani?"

Nilimwambia kwamba uzee si ugonjwa, na mtu kukaa barazani kwake hakuhitaji sababu. Nilisema mengine pia, maneno ya darasani, na hata mimi niliyasikia yakidondoka moja moja.

"Ninyi mliosoma kila kitu mnakigeuza swali," alisema. Hakuwa na hasira. Alivua miwani akasugua macho kwa kiganja. "Mimi namwona mama yangu anakaribisha ukuta."

Tulikwenda kumchukua kabla ya mavuno ya kahawa. Nilipiga magoti nikamsalimia, akanishika mkono akachelewa kuuachia. Hakubisha kama tulivyotarajia. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akamwuliza yeye amekosa nini.

"Hakuna kosa, mama. Tunaogopa ukiwa peke yako."

"Peke yangu vipi, waitu, wanangu? Kila mlipokuja nilikaa nanyi."

Baba mdogo alinitazama. Tulikuwa hatujakanyaga Kishanda tangu siku ya kamera. Tulianza kufunga godoro. Bibi alibeba kile kikapu mwenyewe.

Miembeni alipewa chumba kizuri chenye dirisha la nondo linalotazama ukuta wa jirani. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza nani anapalilia kibanja, nami nilimwonyesha Kishanda kwenye laptop: baraza, kigoda, majani. Alitazama kidogo, kisha akaniambia nifunge, maana si vizuri kuchungulia nyumba isiyo na mtu. Miezi ilipita. Akazoea, au akaacha kulalamika, jambo ambalo sisi wengine huliita kuzoea.

Muda mrefu baadaye rafiki yangu mwenye duka la vitambaa alinunua kamera ya aina ile ile, akaniomba nimfungie. Safari hii nilikuwa juu ya kiti, uso karibu na lenzi, na yeye ndiye aliyekuwa na laptop kwenye kaunta. Taa ya bluu ilikuwa imetulia. Aliposema picha imekuja, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Nilimwomba afunge. Ikatulia. Nilimwomba afungue tena.

Kamera za aina ile, mtu anapofungua picha ili atazame, hata akiwa mbali kiasi gani, taa hukonyeza, na haiachi mpaka atakapofunga.