Saruji kwenye Ukuta wa Chokaa

Stashahada yangu ya ujenzi niliipata Stockholm, tena kwa Kiswidi, huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nimerudi nyumbani, nina kampuni yangu, na barua ya sifa ya msimamizi wangu wa kule niliitundika ofisini, kila mteja aione. Kwa hiyo ukuta mmoja niliouharibu haukuharibika kwa sababu sikusoma.

Ilikuwa kulekule Stockholm, nyumba nyembamba ya matofali mekundu, ghorofa nne, imebanwa kati ya majirani. Tajiri aliyeijenga alipenda nyumba za London za enzi za wafalme walioitwa Joji, akaziiga: kioo cha nusu duara juu ya mlango, madirisha yamepangwa sawasawa, marefu chini, yakipungua kimo kadiri unavyopanda. Juu ya kila dirisha matofali yamechongwa yakabanana yenyewe, wima, bila boriti. Niliipenda nyumba ile siku ya kwanza.

Mimi na Mkongo mmoja anayekaa Bredäng, mtaa wa pembezoni mwa jiji, tulipewa ukuta wa nyuma. Tukwangue chokaa iliyochakaa kati ya matofali, tujaze mpya. Yeye achanganye, mimi nijaze. Lakini nilikotoka, chokaa ni ya kupaka kuta. Nyumba inashikwa na saruji. Alipokwenda kula, nikaongeza saruji kwenye ndoo zake.

Aliporudi akagusa mwiko wangu. "Shefu," akasema, neno lao la bosi, "hii imekuwa ngumu."

"Ngumu ndiyo nzuri. Wewe una stashahada?"

"Sina. Ila tofali la zamani ni laini, linataka kupumua."

"Basi likapumulie kwenu Bukavu."

Akacheka, tukaendelea.

Baada ya misimu miwili ya baridi, maji yaliyonaswa nyuma ya saruji yalikuwa yameganda na kubandua nyuso za matofali. Msimamizi akatuita.

"Nani alichanganya?"

"Kuchanganya ni kazi yangu," mwenzangu akasema, akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Hakupewa tena kazi ya nyumba za zamani.

Mwezi uliopita nilikwenda Stockholm kutembea, nikamfuata mwenzangu Bredäng. Anasafisha treni. Mkewe akanimiminia chai, nami nikaomba radhi.

"Nilijua siku ileile, shefu," akasema. "Nilingoja useme. Mimi usiniambie. Kamwambie msimamizi."

"Ataifuta barua yangu."

"Mimi alinifutia kazi."

Kesho yake nilimkuta msimamizi kwenye jukwaa la ujenzi la nyumba nyingine, nikamweleza yote. Akaniomba kitu kimoja: namba ya simu ya mwenzangu. Akaiandika, akapanda ngazi bila kuniaga.

Barua nimeishusha. Kama simu ilipigwa, sijui. Namba ya mwenzangu ninayo, kila asubuhi naifungua kwenye simu, na sijathubutu kuuliza.