Kufuli Nililolifungia Pampu

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie visingizio, maana mwenyewe nshavitafuta vyote na hakuna hata kimoja kilichonitosha.

Wanaonijua watasema kicheko changu kinasikika Pemba. Kweli! Nilisoma masomo ya jioni ukubwani, nikafaulu, na siku ya cheti nilipiga vigelegele mpaka kunguru wote wa Mji Mkongwe wakahama. Kiingereza nikawa nakimwaga kama maji ya mvua. Ndiyo maana nilimpangisha chumba cha juu mwanafunzi mgeni, nimwite Lina, katoka Ufilipino, anasomea udaktari wa elimu ya viumbe.

Si daktari wa sindano. Wa samaki! Tena samaki gani? Bunju, yule anayejifutua kama puto, ambaye hapa kwetu hata paka humpisha. Lina alikuwa akiichunguza sumu yake. Maskini mtoto yule! Msimamizi wake yuko Ulaya, anamfokea kwenye kompyuta. Kibali cha kuishi nchini kinakaribia kwisha. Mamake kila akipiga simu anauliza atarudi lini. Lina hulia, akapangusa uso, akarudi kwa mabunju wake.

Friza la maabara yao likaharibika. Akanijia na mifuko ya minofu iliyokwisha kuchunwa ngozi, myeupe kama ya samaki changu. Chuo hakikumruhusu kuiweka nyumbani kwa mtu, lakini afanyeje? Ingeoza, na masomo yake yangeoza nayo.

"Dada, hii ni sumu. Hata ukiipika haitoki." Akanipa kufuli jipya na ufunguo mmoja, mwengine akabaki nao. "Friza lifungwe saa zote. Umeelewa?"

"Nimeelewa kuliko ninavyolijua jina langu!"

Sasa friza langu, ambalo ungeweza kumlaza ndani ng'ombe na ndama wake, liko ukumbi wa chini, nauzia barafu za ubuyu. Lakini ni la mtaa. Jirani akipata samaki hupiga hodi, akaingia, akaweka. Akitaka kupika huingia, akachukua, niwepo nisiwepo. Tangu uhai wa mama ndivyo tulivyo. Kulitia kufuli ni kuwaambia wenzangu wezi! Nikaona haya. Na kuwaambia mna sumu ndani? Nani tena angenunua barafu zangu?

Mifuko nikaifukia chini kabisa. Kufuli nikalifungia pampu ya maji uani. Lina, aliyetoka alfajiri na kurudi usiku, aliniamini, hakutazama. Nikajiona mjanja wa dunia nzima.

Ijumaa moja nilikwenda sokoni Darajani. Narudi, nakuta bakuli mezani limefunikwa kawa la ukili. Mchuzi wa samaki wa nazi. Ni wa Bi Rukia, jirani wa mbele, aliyenilea mama alipofariki. Kila Ijumaa lazima aniletee bakuli. Harufu yake, wallahi! Kijiko nshakishika, ndipo nikaona matone ya maji sakafuni, kutoka kwenye friza mpaka mlangoni.

Nikafungua. Mfuko wa changu wa Bi Rukia upo, umezama kulekule chini. Mfuko mmoja wa Lina haupo.

Sikilizeni sasa. Dirisha langu na la Bi Rukia yametazamana hivi, ukipiga chafya huku, kule wanakuombea dua. Ningepiga ukelele mmoja tu: "Usile!"

Sikupiga. Nilikimbilia uani, nikalifungua kufuli la pampu, nikaja nalo, nikalifunga kwenye friza. Nijisitiri kwanza mimi! Kisha ndiyo nikavuka kichochoro.

Nilimkuta mkekani, sahani mbele yake tupu.

"Mwanangu," akasema, anajigusa midomo na kucheka. "Samaki gani yule? Ulimi umekufa ganzi, kama nimetafuna karafuu."

Akataka kuinuka. Miguu ikakataa.

Hospitali walimtia mashine ya kupumulia. Lina alikuja mbio, akawaeleza madaktari sumu ile bila kuficha neno. Nami nilipoulizwa imekuwaje friza likawa wazi, nikasema nini? "Kufuli lipo. Na yeye ana ufunguo, labda alisahau kufunga." Kwa Kiingereza safi, ili Lina mwenyewe asikie vizuri.

Tuliporudi nyumbani, Lina alilishika lile kufuli. Likamwachia grisi nyeusi kidoleni, grisi ya pampu. Akaitazama. Akanitazama.

"Dada," alisema. Basi. Akapanda juu kufungasha.

Chuo kilimfukuza, kibali hakikuongezwa. Hakunitaja popote. Sijui kwa nini, na kutojua huko kunanitafuna kuliko kama angenitukana.

Bi Rukia alipona, alhamdulillahi. Lakini mnajua anawaambia nini watu? "Yule mgeni alitaka kuniua. Huyu mwanangu ndiye aliyeniokoa, alikuja mbio!" Mbio! Nami nacheka nao.

Wenzangu, ukipewa dhamana na hukuielewa, uliza. Ukiielewa na ukaona haya kuitimiza, irudishe. Na siku kosa lako litakapokuwa limeshaingia sahani ya mtu, piga kelele kwanza. Aibu utaibeba baadaye, na haiui.

Nshakwenda kwa Bi Rukia kumwambia, si mara moja. Huniwahi: "Umekula?" Nami hurudi nyumbani na maneno yangu.

Leo Ijumaa. Nasikia ndara zake kichochoroni, na kawa likikwaruza bakuli. Nitakaa mezani mbele yake, nitakula mpaka tone la mwisho, na nitasema mchuzi ni mtamu, basi.