Kahawia Ndani ya Shina

Bangi inayolimwa Andong si ya kuvuta, ni ya kuvaa. Shina huchunwa ganda, ganda likatoa uzi, uzi ukafumwa nguo. Na nguo iliyo bora kuliko zote huvaliwa mara moja tu, kaburini. Ndiyo maana Geum-rye alipoona wekundu kwenye mashina ya shamba lake, alidhani ni uozo, akachomoa mundu.

Mama mkwe wake alikuwa akikohoa tangu majira ya baridi. Sanda hushonwa katika mwezi wa ziada unaoongezwa kwenye kalenda, mwezi ambao pepo hawamtazami mtu, na mwaka huo ungeingia vuli. Ukishapita, mwingine huja baada ya miaka, na kikongwe yule hakuwa na miaka ya kungoja. "Atakayenivisha ndiye atakayekaa nyumba hii," alikuwa ametamka mbele ya watu. Mume wa Geum-rye alishahamia Daegu kwa mwanamke wa kilabuni. Geum-rye alimzalia, akamfulia, mwisho akaachiwa kikohozi cha mama mkwe. Nyumba ndiyo iliyobaki, na wifi yake Ok-bun alikuwa akiimezea mate.

Alichuchumaa, akapasua shina jekundu kwa mundu. Ndani lilikuwa jeupe kama figili. Akashusha pumzi. Wekundu wa ganda peke yake ni baridi tu.

Akateremka hadi kando ya kijito. Huko mashina hayakuwa mekundu. Yalikuwa na doa la kahawia juu kidogo ya udongo, likibonyea kidoleni. Alipasua moja. Kahawia ilikuwa imepanda ndani kwa ndani. Akapasua jingine, zima kabisa kwa nje. Kahawia.

Kosa lilikuwa lake. Kila mtu hubananisha mbegu ili mashina yarefuke bila matawi. Yeye alizimwaga nene kupita kiasi, apate mashina membamba na uzi mwembamba, sanda ambayo hata Ok-bun angekosa la kusema. Upepo haukupata pa kupita. Mvua ikanyesha, unyevu ukakaa, uozo ukaingia.

"Wifi! Umepoteza nini huko chini?" Ok-bun alikuwa amesimama kwenye tuta na wanawake wenzake.

"Namtafuta kaka yako. Huenda kajificha."

Wanawake wakacheka. Ok-bun hakucheka.

"Siku ya kufukiza nitapasua mashina ya kila mzigo wako. Shimo ni la wote. Uozo wako haulali na mizigo yangu."

Geum-rye alirudi nyumbani, akapiga magoti kando ya godoro la mama mkwe wake.

"Mama, tukingoja bangi ikomae, uozo utaimaliza. Tukikata leo ni changa, uzi utakuwa haba."

"Utatosha?"

"Sijui, mama."

"Basi kata. Mimi nami sijui kama nitakomaa. Na usilie, utanilowanishia godoro."

Alikata. Yaliyooza aliyang'oa na mizizi yake.

Siku ya kufukiza mashina kwa mvuke ili ganda lichunike, mawe yalipokuwa yamewiva kwa moto katika shimo la wote, Ok-bun alikuja na kisu. Alipasua shina baada ya shina. Jeupe. Jeupe. Mzigo wa mwisho ulitoka karibu na kijito. Shina la kwanza, jeupe. La pili lilikuwa na mstari wa kahawia kwenye kitako, mfupi kama ukucha.

Ok-bun akautupa mzigo mzima matopeni.

Bila mzigo ule sanda isingefika miguuni. Geum-rye alijua hivyo kwa kuitazama tu mizigo iliyobaki. Akaufuata matopeni, akakaa chini, akaanza kukata kitako cha kila shina na kuchungulia. Mundu ukamchanja kidole, akaendelea. Jeupe aliliweka kulia, la kahawia kushoto, na kwa muda mrefu kushoto ndiko kulikokuwa kukijaa.

"Mawe yanapoa!" Ok-bun alifoka.

"Yachochee. Anayekwenda kuvaa hii ni mama yako, si wangu."

Mwanamke mmoja aliinama akaongeza kuni. Ok-bun akaja kusimama juu ya kichwa cha wifi yake, akichungulia kila kitako, akisubiri akosee. Geum-rye hakukosea. Alipomaliza aliyafunga yale meupe kwa kamba ya mabua, akainuka nayo mikononi.

"Kamzigo kembamba hako," alisema Ok-bun.

"Na mama naye kakonda," akajibu Geum-rye, akakashusha shimoni.