Karanga za Mbegu

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu cha tambarare ya Ruzizi, upande wa Kamanyola, mtu aliweza kuiba kuku akasamehewa, lakini kula mbegu kulikuwa jambo jingine. Wazee walisema kijiji kilianzishwa na familia chache za Wadachi, yaani Wajerumani, waliokuja kulima wakati tambarare ilikuwa nyasi tupu. Mwaka mmoja mvua ilikataa, wakala mbegu zao. Wengine waliondoka, wengine wamelala kwenye makaburi ya mawe nyuma ya kanisa, na babu zetu waliobaki kwenye mashamba yale wakaushika mwiko. Mama mzaa baba, tuliyemwita Tate, alitupitisha hapo tukienda shambani.

"Mwenye kukula mbegu," alisema, "udongo utakula mutoto wake."

Nilikuwa na miaka kama tisa mvua zilipokawia tena. Watu wenye bunduki walikuwa wamepita wakang'oa mihogo yetu. Baba alikwenda Uvira kutafuta kazi, habari zake zikakatika. Nyumbani tulibaki mama, Tate, mimi na mdogo wangu Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Jioni moja mama alishusha chungu cha karanga za mbegu, akazimimina kwenye sufuria.

Tate alikuwa mlangoni. "Weye, iyo iko mbegu."

"Najua, mama. Batoto balishinda na maji tu. Nitabapa nini?"

"Bape maji tena. Mvua iko karibu."

Mama akaendelea kuchochea moto. Tate aligeuza kiti chake, akatupa mgongo mpaka tukamaliza. Nakumbuka utamu wa zile karanga, na Bahati akilamba vidole.

Mvua ilinyesha juma lile lile. Hatukuwa na cha kupanda. Kisha Bahati akaanza kuhara. Alinyauka mikononi mwetu, na kabla hatujapata pikipiki ya kutufikisha kituo cha afya, alikuwa amekata roho. Tate hakumlaumu mama hata kwa neno moja. Alimwosha mtoto, akamfunga kitenge. Afadhali angesema.

Leo mimi ni muuguzi, naishi na mama mtaani Kilibula. Kijiji kimebaki nyumba wazi. Watu wetu wametawanyika, wengine ng'ambo ya mto, Burundi. Mama hajapanda kitu tangu wakati ule, hata lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilijipa moyo nikamweleza: kilikuwa kipindupindu, kilitoka kwenye maji ya mfereji, karanga hazikuwa na kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ile maji tulikunywa siye bote," akasema. "Juu ya nini ilimubeba yeye peke yake?"

Nilianza kumweleza habari za umri na nguvu za mwili, nikaona hanitazami tena.

Siamini kwamba udongo hula watoto. Ninachoamini ni kwamba mwiko ule uliwafaa wenye njia ya pili, na mama yangu hakuwa nayo. Angetunyima, angezika. Alitulisha, akazika. Mimi ninayetibu watu kila siku sina dawa ya hilo, naye hajawahi kuniomba.